Ghorofa ya Tano ya Nanasi

Benchi letu liko Magomeni, Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo wala si ile ya Dar, ubavuni mwa kibanda changu cha cherehani. Mimi ni Shuaibu, kijiweni naitwa Fundi, na wiki ambayo sina nguo ya mtu wananiita Likizo. Kahawa ni ya Mohamedi, mtu wa maneno machache, anayekaza tangawizi na kukata kashata nyembamba mpaka unaona upande wa pili. Wa kila siku tuko wanne. Mzee Rajabu tunamwita Rubani kwa sababu alifyeka majani kando ya njia ya kurukia ndege kule Dar miaka kumi na tisa, na hajapanda ndege hata siku moja. Azzan, ambaye babu yake alitoka Oman akafungua duka hapa, ni Jumla: anauza saruji na bati kwa jumla, na maneno yake pia huyatoa hivyo hivyo. Issa ni Bandari, dalali wa viwanja, na kila kiwanja chake kiko hatua mia tu kutoka bandari mpya isiyojengwa bado. Asubuhi hiyo tulikuwa tumekaa sote tumetazama upande mmoja. Ng'ambo ya barabara ipo nyumba ya wageni ya ghorofa tano, bado haijapakwa rangi, mali ya Mwinjuma, mkulima wa Kiwangwa tuliyembandika jina la Nanasi. Jana yake alasiri ilikuja gari nyeupe ya watu wa mamlaka ya anga. Wakasimamisha chombo chao cha miguu mitatu, wakapima, wakaongea na Nanasi kwa muda mrefu, kisha kijana wao akapanda juu akachora alama kubwa ya X, nyekundu, kwenye ukuta wa ghorofa ya tano. Niseme mapema ili tusidanganyane: nilipoiona ile alama nilifurahi, na usiku nililala vizuri.

— Hebu niambieni, — alianza Bandari, — ile X inasomeka mpaka stendi, au ni mimi tu naiona kubwa?

— Inasomeka mpaka Kaole, — akasema Jumla. — Nimetoka kuswali alfajiri, giza bado, naiona.

— Giza bado halafu unaiona?

— Nilijua ilipo.

Mohamedi akatumiminia. Leo hakuna aliyelalamika kuwa kahawa ni nyepesi.

— Sasa mtusaidie wengine ambao hatukusoma, — akasema Bandari, akimgeukia Rubani. — Mtu kanunua kiwanja chake, tena mimi ndiye niliyemuuzia. Kajenga kwa saruji yake. Watu wa ndege wanamtakia nini? Kwani kajenga hewani?

Rubani alikuwa anaingoja hiyo nafasi tangu jana. Akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo.

— Ndiyo, kajenga hewani. Hilo ndilo mnalolikosa nyie watu wa chini. Ndege haishuki kama kunguru anayetua juu ya bati. Inakuja imelala, pole pole, tangu huko mbali, inashuka kidogo kidogo mpaka iguse. Ile njia yake yote lazima iwe wazi. Kile kiwanja cha ndege ndogo upande wa Makurunge, njia yake inapita hapa. Si juu ya kichwa chako wewe, maana wewe mfupi. Inapita juu ya Nanasi.

— Kwa hiyo hairuhusiwi kujenga?

— Inaruhusiwa. Ila unawapa taarifa kabla. Unapeleka karatasi: mimi fulani, nataka kujenga mahali fulani, urefu kadhaa. Wanakuja, wanapima, wanakwambia kimo chako mwisho hapa, na juu weka taa nyekundu. Basi. Ukichimba msingi bila kusema, siku wakikuona wanakuja na rangi.

— Karatasi moja tu? — nikauliza, ingawa nilikuwa najua.

— Karatasi moja.

Tukaifikiria ile karatasi moja. Nilisikia raha fulani ya kijinga kifuani. Ghorofa tano, na kilichomwangusha ni karatasi.

— Mimi sishangai, — akasema Jumla. — Mtu hawezi kutoka shambani akarukia ghorofa ya tano. Babu yangu alikuja hapa na akili zake na mali zake, akajenga ghorofa moja. Moja. Baba yangu akaishi humo humo, mimi naishi humo humo. Wazungu walikuwa wanakuja kupiga picha mlango wangu. Sasa hivi wanasimama pale pale mlangoni kwangu, wanageuza mgongo, wanampiga picha yeye.

— Si ununue rangi upake mlango?

— Rangi ninayo ghala zima. Hoja ni upepo. Tangu alipofika ghorofa ya tatu, upepo wa baharini haunifikii dukani. Umekata kabisa. Bati zangu zinashika kutu.

— Jumla, bati zinashika kutu kwa sababu hazinunuliwi, — akasema Bandari. — Na unachokasirikia ni kwamba saruji yote alileta kwa lori kutoka Dar.

 Jumla akachukua kashata akaitafuna kwa upande mmoja wa mdomo. Ilikuwa kweli, na wote tulijua. Malori yale yalipita mbele ya duka lake mchana kweupe, na Nanasi amekaa kando ya dereva anapunga mkono.

— Nyie mnaongelea upepo, — akaendelea Bandari, sasa amepata moto. — Mimi naongelea maendeleo. Wawekezaji wa bandari watakuja na nini? Na ndege ndogo. Ndege ndogo itashuka wapi? Makurunge. Rubani wao anakuja, anakuta ghorofa, anageuza, anarudi zake Nairobi. Mnaniuliza kila siku, Issa, bandari vipi? Jibu lile pale.

— Bandari imechelewa tangu Nanasi hajazaliwa.

— Alikuwa anajipanga.

Mohamedi akakohoa. Kwa Mohamedi huko ndiko kucheka.

— Hata hilo dogo, — akasema Rubani, ambaye hawezi kumwachia mtu mwingine neno la mwisho kwenye mambo ya juu. — Mimi nawaza Ramadhani. Mwandamo wa mwezi unatazamwa kwa macho. Sisi tuko hapa chini tunanyoosha shingo, mawingu, paa za watu. Yeye yuko ghorofa ya tano na kiti chake. Atauona kabla ya mashekhe. Akiamua kusema, tunafunga. Akiamua kunyamaza, tunakula mchana hatujui. Sikukuu ya mji mzima itakuwa mfukoni mwa mtu wa Kiwangwa.

— Eh, — akasema Jumla kwa sauti ndogo. — Hilo sikuwa nimelifikiria.

— Ndiyo maana nawaambia. Ile X si ya bure.

Ikafika zamu yangu, na mimi nikatoa langu. Nikasema Nanasi amejenga juu ili atazame uani kwangu. Nikasema kuanzia saa tisa kivuli cha jengo lake kinalala kwenye kamba ya nguo ya mke wangu, Batuli, na nguo zinaanikwa leo zinakauka kesho. Nikasema ana dirisha moja, la ghorofa ya nne, ambalo halina kazi nyingine ila kuhesabu vipande vya samaki kwenye sahani yangu. Jamaa wakatikisa vichwa kwa huruma.

Sikuwaambia lililokuwa linaniuma kweli. Nyumba yangu ni ile iliyo jirani naye kabisa, yenye nondo zilizochomoza juu ya bati. Zile nondo niliziacha mwaka ule nilipooa, kwa ajili ya ghorofa yangu. Zimeshika kutu, mvua ikinyesha zinachora mistari ya kahawia ukutani. Miezi miwili iliyopita Batuli alikuwa anaanua nguo mbichi, akatazama juu kwa Mwinjuma, akatazama nondo zangu, akasema, "Mwenzako kaja juzi tu." Hakusema zaidi ya hapo. Ningeona nafuu angetukana.

Tangu siku hiyo nilikuwa naomba, Mungu anisamehe, si kwamba mimi nipande bali yeye ashuke.

— Sasa swali ni hili, — akasema Bandari, akishusha sauti. — Nani kawaita?

Kila mtu akatazama kikombe chake.

— Mimi sisemi kitu, — akasema Jumla. — Ila duniani kuna watu wanajuana na watu.

— Hata mimi nina namba ya mtu fulani wa ardhi, — akasema Bandari. — Namba ninayo. Sijasema nilipiga, sijasema sikupiga.

— Wewe simu yako haina salio tangu mfungo sita.

— Kuna meseji za bure.

— Nyie wote watoto, — akasema Rubani. — Mtu anayejua pa kupeleka neno la anga hapa mtaani ni mmoja. Mimi nimekula chumvi ya kiwanja cha ndege.

— Kwa hiyo ni wewe?

Rubani akatabasamu, akajinyoosha mgongo, lakini hakusema ndiyo. Nikaona kitu cha ajabu: tulikuwa tunagombea kuwa mchongezi. Hata mimi nilisema kwa mkato kwamba mwandiko wangu ni mzuri na barua zisizo na jina hazina mwenyewe. Nilikuwa nadanganya. Sikuandika barua yoyote. Ila nilitaka na mimi nipate sehemu yangu kwenye ile X.

— Acheni kugombana, — akasema Rubani. — Aliyewaita sijui, lakini aliyeliona mwanzo ni mimi. Nani alisema siku ile ya dua ya msingi? Semeni haki.

Hapo tukacheka, maana tuliikumbuka vizuri. Mwaka juzi, kabla ya kumwaga zege, Mwinjuma alisoma dua ya msingi kama inavyotakiwa, na majirani wote akatualika. Alichinja mbuzi wawili. Pilau ilikuwa ya kujipakulia bila kipimo, na mananasi yamekatwa yamepangwa kwenye sinia, matamu mpaka Jumla alimwekea mkewe kwenye mfuko. Mwinjuma alizunguka na birika la kunawia yeye mwenyewe, akatunawisha mmoja mmoja. Kisha akafungua ramani yake mkekani, akatuonyesha: tano, na juu tangi la maji. Tukasema mashallah. Tulipotoka nje, tunachokonoa meno, Rubani akasema, "Huyu hajapeleka taarifa kwa watu wa anga. Hajui kabisa. Ile ghorofa ya tano haitakaa."

— Nani akajibu? — akauliza Rubani.

— Mimi, — akasema Jumla, anacheka. — Nikasema, aachwe apande.

— Na mimi nikasema, tusimkatishe mwenzetu tamaa, — akasema Bandari, naye akapiga paja.

— Fundi wewe ulisema nini?

— Nilisema nyama ilikuwa na chumvi kidogo, — nikajibu, na benchi zima likaangua kicheko.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tulimhesabia. Alipomaliza ya kwanza tukasema bado. Ya pili, bado. Alipofunga mbao za zege la nne, Rubani alinunua kahawa ya watu wote, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada. Miaka miwili mtu yule alikuwa anapita na pikipiki yake asubuhi, anapunguza mwendo, anatusalimia kwa majina yetu halisi, anapotelea saiti. Miaka miwili tulimjibu "salama, kazi njema," na kazi tulijua inaelekea wapi. Hajawahi kukaa kwenye benchi letu, wala hatukuwahi kumwambia karibu.

Kicheko hakijaisha, Mohamedi akasema:

— Anakuja.

Alikuwa anavuka barabara kwa miguu. Shati lake lilikuwa la jana, lina vumbi la saruji mabegani, na mkononi ana bahasha ya kaki. Bandari akajisogeza kama anayetaka kuondoka, akaona itaonekana vibaya, akabaki.

— Asalaam alaikum.

— Waalaikum salaam.

— Shikamoo Mzee Rajabu.

— Marahaba baba, marahaba. Pole na mitihani.

— Nimeshapoa, mzee. Naweza kukaa?

Tukabanana. Akakaa kati yangu na Rubani. Mohamedi akampa kikombe kabla hajaagiza.

— Jamani, mimi nimekuja kwenu, — akasema Mwinjuma. — Mimi si mwenyeji, huku mjini sina ndugu. Majirani ndio nyie.

— Sema tu, ndugu yangu, — akasema Jumla, na sauti yake ilikuwa ya msibani.

— Jana wale watu wamenieleza. Kumbe kuna sheria, ukijenga jengo refu karibu na kiwanja cha ndege unatakiwa utoe taarifa kabla. Wallahi mimi sikujua. Mimi nilikwenda halmashauri, nikapata kibali changu cha ujenzi, nikajua nimemaliza. Nikamuuliza mama mmoja, mkubwa wao, nani kanisema? Akaniambia hakuna aliyekusema. Ni rubani wa ndege ya watalii, alikuwa anashuka juma lililopita, akaona jengo ambalo halimo kwenye ramani yake, akaripoti.

Nilimwona Bandari anatazama pembeni. Hata ule uchongezi tuliokuwa tunaugombea haukuwa wetu.

— Sasa wanasema nini? — nikauliza.

— Wanasema ya tano ishuke, na tangi lisiwekwe. Fundi wangu wa ujenzi anasema tukianza kugonga huko juu, zege la chini litapata nyufa, na nyumba yote itakuwa ya wasiwasi. Na shamba la Kiwangwa, Fundi Shuaibu, mimi nimeshaliuza. Lote, na lile la urithi wa mama. Sina pa kurudi kulima.

Akanywa kahawa kidogo. Hakuwa analia wala hakuwa anatafuta kuhurumiwa. Alikuwa anaeleza tu.

— Ila yule mama ni mtu mwema. Kaniambia kuna njia. Niandike maelezo ndani ya siku kumi na nne. Kama itathibitika kweli sikujua, kwamba sikuficha kusudi, wanaweza kupima upya wakaniacha na ile ghorofa, niweke taa nyekundu juu. Lakini wakiona nilijua nikanyamaza, inashuka. Akasema, tafuta majirani wawili watatu waandike, waweke sahihi. Ndiyo nimekuja.

Akafungua bahasha, akatoa karatasi nyeupe na kalamu, akaviweka juu ya paja langu.

— Wewe una mwandiko mzuri. Nimeona kadi za harusi unazoandika. Andika tu kwa kifupi: sisi majirani tunathibitisha kuwa Mwinjuma hakuijua sheria hii, na hapa mtaani hakuna aliyekuwa anaijua. Mkishaweka sahihi, saa sita naiwahisha Dar.

Nikaishika kalamu. Nikaandika *Sisi majirani*. Mwandiko ulitoka vizuri. Nikaandika *tunathibitisha kuwa Mwinjuma hakuijua sheria hii*, na hilo lilikuwa kweli tupu. Hakuna watu duniani waliokuwa na uhakika nalo kuliko sisi, maana sisi ndio tuliohakikisha hajui. Nikafika *na hapa mtaani*, mkono ukasimama.

Ukiandika uongo, ukapeleka serikalini, na mmoja wenu alifanya kazi kiwanja cha ndege miaka kumi na tisa, mtaa mzima unamwita Rubani, watoto wanamwita Rubani, hata mwenye duka la dawa anamwita Rubani, siku wakija kuuliza umeumbuka. Ukiandika kweli, umemwonyesha mtu sura yako. Nikamtazama Jumla. Jumla akaitazama X. Bandari alikuwa ametoa simu yake isiyo na salio, anaisoma.

— Umekwama wapi? — akauliza Mwinjuma, akachungulia karatasi. — Hakuna aliyekuwa anaijua. Au kuna aliyejua?

Alisema hivyo anatabasamu, kama mtu anayetania. Hakuna aliyetabasamu naye.

Akanitazama mimi. Akamgeukia Rubani polepole, akatazama vidole vyake vilivyoshika kikombe, kisha akamtazama usoni. Niliona tabasamu linamtoka, si kwa ghafla, kama mtu anayejumlisha namba na jibu linakataa kuwa lile alilolitaka.

— Mzee wangu, — akasema, na bado alikuwa anamheshimu, — wewe si ulikuwa kiwanja cha ndege?

Rubani akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na neno kuhusu mambo ya juu.

— Mlijua, — akasema Mwinjuma.

Pikipiki ikapita. Mohamedi alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili, amesahau kulirudisha kwenye jiko.

— Tangu lini?

Jibu lilikuwa fupi, na wote wanne tulikuwa nalo mdomoni, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake alitoe. Jumla akasafisha koo, nikadhani ataanza, kumbe ni koo tu.

Mwinjuma akakisogeza kikombe chake pembeni, akaegemea ukuta wa kibanda changu, akakunja mikono kifuani.

— Mimi sina haraka, — akasema. — Mafundi nimeshawaambia warudi kwao.